Kabla ya Mchujo

Usiniulize matokeo. Mafinga nzima inayajua,
hata mbuzi wa Mzee Kinyunyu wanapita kichwa chini.
Dakika ya tisini na nne, mpira wa kurudi nyuma,
wa kumpa kipa tu, jamani, wa kupumulia,
ukafika kwenye dimbwi pale mbele ya kumi na nane,
ukafikiri kidogo,
ukalala.

Mshambuliaji wao aliuokota kama mtu aokotaye noti barabarani:
akatazama kushoto, akatazama kulia,
akatia mfukoni.

Nilikuwa nyuma ya goli, nimeegemea uzio wa mabanzi.
Nilisikia ukimya. Wanaosema ukimya hausikiki
hawajafungwa nyumbani, kwenye mvua, siku ambayo sare ilitosha.
Sare moja! Pointi moja, tungekuwa wa kumi na mbili,
tungelala.
Mtu mmoja akakunja mwavuli wake, na mvua bado inanyesha.

Nilirudi kwa miguu. Deodata alikuwa ameshaweka ugali,
akaniona usoni, akaufunika kwa sahani.
Hakusema "ni mpira tu."
Miaka kumi na tisa ya ndoa hajalisema neno hilo,
na mimi sijawahi kumshukuru.

Jumatatu, kazi. Mimi ni mnoa misumeno:
jino kwa jino, duara zima, kisha duara lingine,
na kila jino lilisema tisini na nne, tisini na nne.
Vijana wa kiwandani walipita na jezi za timu za Dar es Salaam
wamezivalia juu ya sweta, kama vile hawakuzaliwa hapa.
Sikuwasalimu. Mungu anisamehe, mmoja ni mtoto wa dada yangu.

Jumanne, ukungu haujabanduka kwenye misonobari,
akaja Gaspari. Kipa. Mkononi shoka la baba yake.
Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kulipa deni
asilojua ni la shilingi ngapi.
"Shikamoo."
"Marahaba."
Nikalinoa. Cheche ziliruka, hakukwepa hata moja.
Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu Jumamosi
kama mbao, kwa unene wake.
Nilipomaliza nikapima makali kwa ukucha,
nikamwambia, "Elfu mbili."
Bei kamili. Ningemfanyia bure, angejua namhurumia;
ningemzidishia, angejua namlaumu.
Akalipa. Alipofika barabarani
akaliweka shoka begani, na shingo ikanyooka.

Sasa mchujo.
Jioni kwa Mama Tulinave, ulanzi wa mwisho wa msimu,
mkali, mianzi imeanza kugoma.
Anamimina juu ya chujio: nyuki waliokufa walevi wanabaki juu,
na vijiti, na vumbi la njiani.
Nikamuuliza, sisi ni kipi, kinachopita au kinachobaki?
Akanitazama anavyowatazama wadaiwa, na kweli nadaiwa,
akasema, "Shika kikombe vizuri, usimwage."

Mechi mbili. Kwao kwanza, kisha hapa.
Lori la Sanga linaondoka Jumamosi saa kumi alfajiri,
elfu saba kwenda na kurudi, kila mtu na blanketi lake,
chini watatumwagia maranda tukalie.
Nimeapa mara tatu kwamba siendi:
mbele ya Deodata, mbele ya mbwa, mbele ya kalenda.

Skafu imeanikwa jikoni, juu ya moto, tangu juzi.
Baridi hii haikaushi kitu.
Nimeigusa sasa hivi, upande mmoja bado mbichi.
Nitaivaa hivyo hivyo.