Raba za Mazoezi

Ng'walu alinitumia raba kwa basi la Dodoma,
nyeupe, soli nene kama andazi,
na kikaratasi ndani: Mama, dakika thelathini kila siku.
Nikaziweka juu ya debe la pumba,
nikasema nitaanza Jumatatu.
Zimepita Jumatatu nyingi, hakuna iliyonidai.

Maana mtu wa Bugarika hafundishwi kutembea.
Nyumba yangu imekaa mgongoni pa jiwe,
bomba liko chini, banda liko juu,
na kati yake vidato arobaini na kimoja
alivyovichonga marehemu kwa nyundo na hasira
mwaka tuliopewa kiwanja.

Saa kumi na moja, ziwa bado jeusi,
jogoo ananiita kama msimamizi wa kibarua.
Goti la kushoto linajibu kwanza: kwaa.
La kulia linasubiri lisikie habari.
Nashika ukuta, nashika mlango,
naamka vipande vipande, kama turubai linalokunjuliwa.

Kliniki ya presha waliniuliza:
Unafanya mazoezi, bibi?
Nikasema, nina kuku kumi na tisa.
Yule kijana akaandika: Hapana.

Angeniona nikimfukuza kicheche kwa mwiko!
Angeniona nimelala kifudifudi kati ya majabali mawili,
mkono umezama hadi kwapani,
napapasa mayai ya mtetea msiri.
Kuchuchumaa nimeacha tangu mwaka juzi.
Sasa nainama kwa awamu:
mkono pajani, halafu dua, halafu ardhi.

Kila miezi mitatu, chanjo ya kideri.
Tone moja, jicho moja, kila kuku.
Jirani yangu Bugumba anawashika, mimi naminya kichupa,
na kila aliyepata anapepesa, anameza,
anakwenda zake bila asante.
Jioni inakuwa zamu yangu.
Napanua jicho kwa vidole, nainua uso,
dawa inateremka shavuni hadi shingoni,
nakosa, nakosa tena,
na sina wa kunishika mabawa.

Kishingo ana miaka saba.
Mayai alikoma mvua za mwaka jana.
Kucha zimepinda, undu umelala upande,
harukii tena uchaga wa kulalia;
analala chini, karibu na mlango, na vifaranga wa jana.
Bugumba anasema: Huyo ni supu inayotembea.
Anasema kweli. Hesabu ya pumba haina huruma,
na vumbi la dagaa pale Mwaloni si la bure tena.
Mwezi wa nne nilinoa kisu.
Nilikinoa vizuri, mpaka kikakata unywele.
Kisha nikakumbuka nina vitunguu vya kukata.

Juzi mvua ilinyesha usiku kucha,
mawe yakawa na utelezi wa kambale.
Nikasema leo nizivae basi,
nisije nikavunja nyonga, watu wakapata la kusema.
Nikaingiza mguu wa kulia. Sawa.
Wa kushoto ukagusa kitu chenye joto.

Yai.
Dogo, kama la njiwa,
ganda limekunjamana mithili ya kiwiko changu.
Na pembeni amesimama Kishingo, shingo tupu,
anatazama kwingine
kama mtu aliyejamba mkutanoni.

Debe lile lina kimo cha goti.
Sijui alipandaje, mara ngapi aliteleza.
Hakuomba mkono.

Nikampigia Ng'walu, nikamwambia raba zinafanya kazi.
Akafurahi: Umetembea dakika ngapi leo?
Nikatazama miguu yangu:
raba mmoja, kandambili wa pili,
na ile ya kushoto imebaki juu ya debe, nimeitandikia majani.
Vidato ishirini nimepanda,
ndoo inanivuta bega, simu inanitoka sikioni.
Subiri, mwanangu, nikamwambia,
sijafika.