Skrubu ya Nne

Aliyeijenga mashua hii aliweka pampu kwanza,
kisha akajenga mashua yote juu yake:
injini, tangi la mafuta, betri mbili,
kiti cha kukunja, na sakafu ya mbao
iliyopakwa vanishi hadi ukiinama unajiona.
Mficha uchi hazai, hunena wahenga.
Hii imeficha, na imezaa maji,
ndoo kumi na moja tangu alfajiri.

Nimelala kifudifudi, hapa Muhumba, gatini,
shavu juu ya injini iliyopoa,
mkono wa kulia umezama hadi kwapani.
Dokta Cirimwami amesimama juu yangu
na viatu vyake vya misa.
"Umefika?"
Nimefika wapi, Dokta?
Kiwiko kiko Bukavu, vidole viko Ijwi.

Skrubu mbili naziona.
Ya tatu naijua kwa ukucha.
Ya nne imegeukia ukuta
kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu,
na haitaki kusema jina lake.

Bisibisi yangu niliikata mwenyewe Kadutu,
ikabaki fupi kama kidole gumba.
Inageuka robo, inateleza.
Inageuka robo, inanichubua.
Inaanguka, chubwi, ndani ya maji meusi,
nami natukana kwa Kilega,
lugha ambayo Dokta haijui
ila matusi yake ameshayazoea.

Kichujio angalau kimetoka.
Nakimwagia kiganjani: nywele,
kisoda cha bia, maganda ya karanga,
miiba ya sambaza, laini kama uzi,
na ile chokaa nyeupe ya ziwa letu
inayoota ndani ya kila birika mjini.
Jumapili zao zote, zimelowa, zanuka mafuta.
Najua sasa nani hula ugali na nani huutupa.
Na katikati ya uchafu, kitu kidogo, kigumu,
nilichotaka kukirusha nikidhani ni kokoto.

"Lete nione," akasema.
Akakigeuza kwenye jua, akakifuta kwa shati.
"Jino. La chini, la mbele. La Nsimire."
Yeye ni daktari wa meno, nani ambishie?
"Alililia hili hadi Krismasi.
Tulimwambia ziwa limelichukua."

Akaenda garini bila neno.
Akarudi na kioo kidogo, duara, sawa na sarafu,
kwenye mpini mwembamba kama mshikaki,
akapiga magoti kwenye grisi
na suruali ile ile ya misa.
"Usiitafute skrubu. Tazama kioo.
Mkono utakataa, kwa sababu kushoto ni kulia.
Usiulazimishe. Ngoja uzoee."

Nikangoja.
Na kweli, ndani ya kioo, ikatokea:
ina kutu pembeni, ina ufa kichwani,
ina sura. Nusura niisalimie.

Tulipoifungua, jua lilikuwa limeshapita Nguba.
Nikamwambia neno ninalomwambia kila mwaka:
tukate sakafu, Dokta,
mfuniko mdogo, shibiri mbili kwa mbili.
Kila mwaka hunijibu kwa habari za vanishi,
ilinunuliwa wapi, kwa dola ngapi.

Safari hii alinyamaza.
Jino alilitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.
"Asiyefungua mdomo," akasema,
akiwa kama anaongea na mashua,
"hata mimi simtibu.
Leta msumeno."

Harufu ya ubao mbichi ilipanda
kutoka kwenye ubao wa miaka ishirini.
Tukanyanyua kile kipande, wawili, taratibu,
mwanga ukaingia mahali usipowahi kuingia.
Pampu yenyewe, kumbe, ndogo tu,
kama embe lililosahauliwa kabatini.

Pembeni yake bisibisi yangu.
Na pembeni ya yangu, chini ya tope,
bisibisi nyingine tatu,
fupi, zimekatwa kwa mkono,
za watu nisiowajua.