Buti Tupu

Zulia nililing'oa Jumamosi, mlangoni mwa karakana ya Donat Boily.
Likatoka shingo upande,
na harufu ya dagaa wa majira kumi na manane ya baridi.
Mjomba Rosaire hakuwa mtu wa kumwaga maji ya ndoo.
Alitoboa barafu ya Saguenay, akavua, akapakia kama ilivyo,
akarudi nyumbani La Baie
chumvi ya samaki ikivuja ndani,
chumvi ya barabara ikirukia kwa nje,
bati likiwa katikati, halina wa kulitetea.

Sasa gari ni langu: Volvo kuukuu, rangi ya haradali,
kutu kona ya kushoto, upana wa kisahani cha chai.

Dukani, Maxence, kijana mwenye kucha safi mno,
alinipangia makopo kaunta nzima.
"Chukua huu mpira mweusi wa kupuliza.
Unashika popote. Unameza kelele. Saa moja umemaliza,
wala hutaona tena kilichopo chini."
Hilo la mwisho alilisema kama anatoa zawadi.
Nikageuza kopo, nikasoma maandishi madogo:
tikisa dakika mbili, usivute sigara, usipulize chini ya nyuzi kumi.
Nje zilikuwa nyuzi sita. Oktoba ya huku haimngoji mtu.

Donat alicheka alipoliona lile kopo.
"Mpira? Kwenye buti lililokula chumvi?"
Akanipeleka kwenye Ford ya kaka yake,
iliyopakwa lami nzito, nyeusi, ya kupendeza.
Akaigonga kwa bisibisi, taratibu,
kama daktari agongavyo kifua,
bisibisi ikazama hadi mpinini.
Lami ilikuwa nzima.
Chuma ndicho kilichokuwa kimeondoka.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Mficha kutu huumbuliwa na spea,
siku inapodondoka barabarani pamoja na sakafu yake.

Basi nikapiga msasa. Namba themanini, kisha mia moja na ishirini,
siku mbili nimejikunja butini, magoti masikioni,
unga mwekundu puani, kwenye nyusi, kwenye mkate wa mchana.
Na karibu na bawaba ya kulia nikakuta tarakimu, kwa kalamu ya nta:
417.
Moyo ukaruka. Nikaiona jioni moja ya Februari,
dagaa mia nne na kumi na saba,
mjomba akiwahesabu kwa vidole vilivyokufa ganzi, haamini.
Nikamwita Donat. Akavaa miwani, akaivua.
"Hiyo ni ya kiwandani. Saba ya Rosaire ilivaa mkanda tumboni.
Hii haina mkanda."
"Labda vidole vilikuwa na baridi."
"Labda," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Nilichochagua ni hiki, kama yupo atakayeuliza:
dawa ya kutu kwenye ile kona, rangi ya msingi tabaka mbili,
hita ya Donat ikikoroma usiku kucha ili zikauke,
halafu ile ya kijivu yenye madoadoa,
nyembamba, ya kizamani, kama ganda la yai la kware.
Haizimi kelele. Haina dhamana ya miaka kumi.
Lakini kutu ikirudi itachomoza, nami nitaiona
ingali changa, ingali ya kuambiwa toka.

417 nimeipaka vilevile.
Mkono haukusita sana. Ulisita kidogo.

Jeki bado inalia kila kona ya kuteremka La Baie.
Nimeifunga kwa sweta lake la sufu,
lile la viwiko vilivyotoboka.
Sasa inagonga kwa chini,
kama mtu aliye chumba cha pili,
anayetafuta kitu na hataki kuwasha taa.