Bei ya Sigara

Mwalimu alitukaririsha dalili:
ashukaye mlimani alfajiri, viatu tope tupu;
asikilizaye redio usiku ndani ya blanketi;
asiyejua bei ya sigara.
Huyo katumwa na kaskazini.
Ukimwona, kaseme.

Nilikuwa na miaka tisa, hapo Chuncheon,
bango langu limebandikwa mlangoni mwa darasa:
mkono mwekundu, kucha ndefu,
umeikaba nchi koo.

Bwana Pyo, mshona viatu, akaingia dukani kwetu,
akauliza pakiti moja ni shilingi ngapi,
au won ngapi, nimesahau alivyosema,
nakumbuka tu kwamba aliuliza.

Nilikimbia kituoni bila soksi.

Kumbe alikuwa ameacha kuvuta miaka sita.
Alikuwa akimnunulia mkwewe, mgeni wa siku ile.
Alirudi baada ya baridi mbili kupita,
na mkono wa kulia usioweza kushika sindano.

Mimi nilizawadiwa madaftari matatu.
Mama aliyafungia kabatini, hakusema kitu.
Ila tangu siku hiyo, kila nikiingia chumbani,
hupunguza sauti ya redio,
na redio inatangaza mvua tu,
mvua ya kesho.