Kipimo

Simu ilikuja Jumatatu: blanketi halimtoshi tena.
Nikafunga kibanda changu Kiborloni,
nikatia futi kamba na chaki mkobani,
nikasema potelea mbali, sare za watu zitangoja,
leo nakwenda kumpima mteja asiyejua kutulia.

Lile la kwanza nililishona kwa maneno matupu.
"Ni kama meza yako, Mama," Lemburis alisema simuni,
"ila mviringo."
Nikaipima meza.

Kupita Boma Ng'ombe ni vumbi mtindo mmoja.
Mlima umejifunika gubigubi
kama mtu asiyetaka kuulizwa habari.
Kituo chenyewe ni ua wa mbao na paa la bati,
chupa za lita mbili zimepangwa juani, chuchu juu,
na ubao wa chaki:
Ngare. Saa tatu. Saa sita. Saa tisa. Usiku vivyo hivyo.
Chini, kwa mwandiko mwingine:
Kaharisha kidogo. Mwombeeni.

Akaja.
Ndovu hashindwi na mkonga wake, tulikaririshwa darasani.
Huyu ameshindwa.
Anaukanyaga, anajikwaa,
anautazama kama mtoto aliyerithishwa koti la kaka yake.

Nikapiga magoti.
Mgongo, sentimita mia moja na kumi.
Kifua, futi haikufika, nikaiunga na ncha ya kanga.
Nywele zake zinachoma kama brashi ya viatu.
Lemburis akawa anasimulia huku amemshika sikio:
walimtoa shimoni, kisima kilichokauka kule Ngarenanyuki,
siku ya pili.
Usiku wa kwanza mama yake alizunguka shimo, nyayo zilionekana.
Asubuhi hakuwepo.
Alikufa, alifukuzwa, alichoka, hakuna ajuaye.
Sasa Lemburis hulala naye bandani, kitanda cha juu,
mkono umening'inia.
Asipouona mkono, analia.

Kuna jambo sikumwambia Lemburis.
Nilikuwa kidato cha pili
waliposhuka wanane kwenye shamba la baba, Sanya.
Wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi?
Wale hawakupigana.
Walikula tu, taratibu, kama wageni walioalikwa,
na kulipokucha baba alikuwa katikati ya mabua
na debe alilogonga usiku kucha,
limebonyea, halilii tena.
Ada yangu ilikuwa humo, kwenye mahindi yale.
Januari wenzangu wakarudi shule.
Mimi nikapelekwa kwa shangazi, kwenye cherehani ya miguu.

Nilimwambia yeye, ndama,
sikioni, kwa Kichagga:
ni ninyi mlionifundisha kazi hii.
Akaleta mkonga begani, akapapasa, akaikuta futi kamba,
akaivuta, akaitia mdomoni,
akatafuna kuanzia sentimita ya kwanza mpaka ya arobaini.

Lemburis akacheka, kisha akaomba radhi kwa niaba yake.
"Andika kwenye deni," nikasema.
"Deni lipi, Mama?"
Nikaandika vipimo kiganjani, kwa kalamu.

Usiku huu nashona.
Kitambaa kizito, kimetoka kwenye robota la mtumba,
sindano mbili zimeshavunjika.
Nimeacha pindo pana la kukunjulia,
kama nifanyavyo kwa mtoto
ambaye mzazi wake hatarudi kununua sare ya pili.
Baba hapati usingizi siku hizi.
Amekuja na fimbo yake mpaka mlangoni,
ameushika ukingo wa blanketi kwa vidole viwili.
"La nani?"
"La mtoto."
Ameupima upana wake kwa macho, kimya, muda mrefu.
"Ongeza pamba mgongoni," akasema.
"Baridi ya kule huingilia hapo."
Halafu akakaa, akanishikia taa.