Wa Ukutani

Jumatano nachemsha nyuzi.
Sufuria ni ile ile ya maharage. Maji, siki kidogo,
nyuzi nne zimejikunja ndani, zinatoa uchafu wa miezi mitatu,
na Sikudhani yuko mlangoni, mikono kiunoni:
"Leo tunakula chuma?"
Namwambia nyuzi mpya ni elfu tisini,
na Ijumaa moja ni elfu kumi na tano,
nauli humo humo, soda humo humo.
Anapiga hesabu kimya.
Anaongeza mkaa.

Mchana nasoma mita za maji, Mburahati hadi Kigogo.
Nyuma ya mashine ya kusaga kuna transfoma
inayovuma sauti ya uzi wangu mwembamba,
imepanda kidogo, unywele tu.
Naibeba mdomoni mpaka nyumbani, mmm, mmm,
mbwa wananishangaa,
na bendi nzima, bila kujua, imepanda unywele.
Makwega wa solo aliniuliza, sauti hii umeitoa wapi?
Nikamjibu: serikalini.

Mwezi uliopita nilikwenda kusajili laini ya simu.
Weka kidole, binti akasema. Weka kingine.
Futa jasho. Weka tena.
Mashine haikunijua.
"Baba, kwani unafanya kazi gani?"
Nikataka kusema mita,
nikaziona ncha za vidole, sugu juu ya sugu,
nikasema: napiga besi.
Tukajaribu mpaka kidole cha mwisho cha kulia,
kile kisichogusa uzi hata siku moja.
Kikakubali.
Basi huko kwenye makaratasi yao
mimi ni kidole kisicho na kazi.

Ijumaa, Mabibo. Vyombo vyote vya tajiri,
besi tu ndiyo yangu, ya fundi redio wa Gerezani,
shingo imepinda kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.
Zamoyoni akiimba, watu huinuka na noti,
humbandika kwenye paji la uso, jasho ndiyo gundi.
Makwega akipanda juu, noti humfuata huko huko.
Mimi, miaka kumi na mmoja, nimetunzwa mara moja:
mlevi alikuwa anatafuta choo.
Sinung'uniki. Nina mguu wa Lugendo kwenye dramu;
unaposhuka, kidole changu kipo pale,
na katikati hapapiti hata wembe.

Saa sita kasoro, wimbo wa nne, spika yangu ikafa.
Hakuna aliyegeuka.
Walicheza, lakini kama watu waliovaliana viatu.
Mmoja akainusa bia yake, akairudisha kaunta.
Zamoyoni akakohoa, akadhani ni koo.

Ndipo akatoka mama wa chipsi,
mwiko mkononi, mafuta yakidondoka,
akapita katikati ya wachezaji mpaka kwangu:
"Ukuta umenyamaza. Kuna nini?"

Spika yangu imeupa mgongo ukuta wa jiko lake.
Miaka yote hiyo, akasema,
maneno hayajawahi kunifikia, wala hilo gitaa la kulialia.
Nyimbo zenu nazijua kwa mifuniko ya sufuria.
Ule wa shemeji, mfuniko mkubwa hutembea.
Ule wa mwisho, hata mayai hutetemeka.
"Kumbe ni wewe. Wewe ndiye wa ukutani."

Nikaizungushia fyuzi karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara.
Ikashika.
Akarudi jikoni bila kuaga,
nami nikapiga huku nimewageuzia watu kisogo,
taratibu kwanza, uzi mnene, uliochemshwa,
mpaka nikausikia huko ndani,
bati juu ya bati,
ukiitika.

Tajiri alikata elfu mbili. Ya fyuzi, alisema,
ingawa karatasi ilikuwa ya Lugendo.
Nikatembea na sahani ya chipsi mayai nisiyoilipia,
imefunikwa kwa sahani nyingine,
na kila hatua ikagonga.