Sifa

Gari ya Mama ni Kresida ya mwaka themanini na saba,
rangi ya chai iliyozidi maziwa,
na husukumwa kutoka nyuma.
"Magurudumu ya mbele," Bi Zayana alikuwa akisema,
"kazi yake kutazama njia tu.
Yanayofanya kazi huyaoni."

Alijifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na miwili,
kwa Kiarabu asichokielewa, mwalimu akigonga dashibodi:
yamini! yasari! yamini!
naye akimjibu kwa Kipemba, kimoyomoyo,
maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Januari hii nikasikia mlimani kumeganda.
Picha zikazagaa kwenye simu: matawi ya mkomamanga
yamevaa kioo, mbuzi wanalamba barafu kwenye birika.
Nikatia butini mifuko miwili ya mchanga
(hilo nalo ni urithi: mkia mwepesi hauna adabu),
nikatoka Sur alfajiri, vioo vinalia umande,
hita inanuka vumbi la mwaka jana.

Birkat al-Mawz, askari akaizunguka gari
polepole, kama mtu anayenunua ng'ombe.
"Yanavuta yote manne?"
"Mawili."
"Ya mbele?"
"Ya nyuma."
Akacheka, si kwa ubaya, akanionyesha njia ya kurudi
kwa mkono ulioshika kikombe cha karatasi.
Barafu niliiona kwa mbali.
Huenda lilikuwa wingu.

Mvua ikanikuta Izki.
Si mvua ya kukosha kitu; matone mawili matatu
ya kuamsha mafuta yaliyolala miezi minane kwenye lami.
Kwenye kipilefti, mkia ukaniaga.
Nikauona mlima kwenye dirisha la pembeni, na mlima
haukuwa na haki ya kuwa pale,
na mguu ukataka breki, mguu mzima ukataka breki.
Usikanyage. Legeza. Usukani uufuate mkia uendako
kama unavyomfuata mtoto aliyenuna,
hatua mbili tu, bila kumwita.
Ukarudi.
Lori la saruji likanipigia honi ndefu,
nami nikalijibu kwa Kipemba,
kwa sauti.

Nyumba yetu iko hatua mia kutoka baharini,
na bahari haina haja ya kukugusa ili ikule.
Hupumua tu.
Basi sikuingia ndani. Jeki, magogo, mpira wa maji,
nikalala chini ya gari na tochi mdomoni,
matope ya Izki yakinidondokea shingoni.
Kisha nikainua zulia upande wa dereva.
Pale kisigino chake kilipokaa miaka ishirini na mitano
kidole changu kikapita.
Kutu laini, kama biskuti iliyolowa.
Nikaiona sakafu ya uani.

Rafaqat wa sanaiya anataka riyali arubaini:
achomelee bati, amwagie lami nyeusi, yaishe.
Mama hakuiamini lami.
Kilichofunikwa, alisema, huliwa kwa raha.
Yeye kila Disemba alipaka sifa, mafuta ya ini la papa
ambayo watu wa hapa walipakia mbao za vyombo;
akayahamishia kwenye chuma bila kuuliza mtu.
Majirani wakafunga madirisha. Paka wa mtaa mzima
wakahamia kwetu.
"Si watu wanapenda sifa?" akasema, mikono inameta hadi viwikoni.
"Haya. Ninawapa."

Kopo lake lipo stoo, mdomo umefungwa kipande cha kanga.
Nimepaka chesisi, matao ya matairi, mikunjo ya milango,
nimepaka hadi jua likazama na sioni ninachokipaka.
Dirisha la Bi Rayya likafungwa, pa!
Paka mmoja akaja, wa kijivu, akakaa, akangoja.

Tundu sijaliziba.
Nimepaka kingo zake tu.
Nikiendesha usiku, kijiupepo hupanda hapo,
baridi,
kikanigusa kisigino.